Mche wa Mwaka Jana Uko Wapi?

Nawasalimu nyote: mlio kwenye matatu iliyokwama pale Westlands, mlio jikoni Kangemi mkisubiri ugali uive, nanyi walinzi wa mageti ya Kileleshwa na Lavington ambao redio ndogo ndiyo rafiki yenu wa zamu. Karibuni tuzungumze. Leo nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: mche wa mwaka jana uko wapi? Siulizi picha yake iko wapi. Picha tunajua iko kwenye simu. Nauliza mche wenyewe, ule uliotiwa ardhini kwa vigelegele na makofi. Umeshika? Umekauka? Umeliwa na mbuzi? Na nani anajua?

Tuanze na yale tunayoyakumbuka sote. Tarehe 13 Novemba 2023, siku ya Jumatatu, serikali ilitangaza mapumziko ya kitaifa ili kila Mkenya ashike jembe. Lengo lilikuwa miche milioni 100 kwa siku hiyo moja, na nyuma yake kulikuwa na lengo kubwa zaidi, miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Haikupita miezi sita tukapewa siku nyingine, 10 Mei 2024, na safari hii tulikuwa katika majonzi. Mafuriko yalikuwa yamechukua watu na nyumba zao Mathare, Mai Mahiu na kwingineko, tukaambiwa tuwakumbuke marehemu kwa kupanda miti. Mwaka uo huo, ile tarehe 10 Oktoba ambayo wengi wetu tuliijua kama Siku ya Moi, kisha ikawa Siku ya Utamaduni, ikapewa jina la Siku ya Mazingira. Kwa hiyo kupanda miti sasa kuna mahali pake kwenye kalenda ya ukutani, jirani na Mashujaa na Jamhuri. Hilo ni jambo jema, na sitalibeza. Ila ukisikiliza hotuba za siku hizo utadhani jambo hili limebuniwa jana asubuhi. Halikubuniwa jana. Sherehe ya kupanda miti katika nchi hii imeshapita umri wa miaka mia moja, na ilizaliwa karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani.

Ukitoka mjini ukafuata Waiyaki Way, ukapita Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo, ukaiacha Kikuyu mkono wa kushoto, utafika Muguga, ambako leo yapo makao makuu ya KEFRI, taasisi yetu ya utafiti wa misitu. Huko Muguga, tarehe 22 Julai 1922, kulichezwa ngoma iliyoitwa Ngoma ya Miti. Walioiandaa ni wawili: Mwingereza Richard St. Barbe Baker, afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni, na Chifu Josiah Njonjo. Baker alikuwa ameona milima ikibaki vipara, akashauri watu wapande miti, na kwa simulizi yake wazee walimjibu kwamba miti ni shauri ya Mungu. Hakubishana nao. Alichokiona ni kwamba wakulima wa Kikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya kuvuna, basi kwa nini miti ikose ngoma yake? Vijana wakaja kwa maelfu, wamejipamba. Kati yao wakachaguliwa 50 wa kujitolea, nao wakatoa ahadi mbele ya watu: kulinda misitu, kupanda miti ya asili kumi kila mwaka, na kuitunza miti popote watakapoikuta. Wakaitwa Watu wa Miti, kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Miaka miwili baadaye tawi likaundwa Uingereza, na ndilo lililokua likawa shirika linaloitwa leo International Tree Foundation.

Sasa hapo nisikilizeni vizuri, maana hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tarehe 22 Julai. Ninyi mnaoishi Nairobi mnajua Julai ilivyo. Ni mwezi wa koti na chai ya tangawizi, mawingu yamefunika jiji kutwa nzima na mvua hakuna. Masika yamekwisha, vuli haijafika. Mkulima gani wa Kikuyu angepanda mche Julai? Hakuna. Basi ngoma ile haikuwa siku ya kuchimba mashimo. Kwa jinsi ninavyoisoma mimi, ilikuwa siku ya kufungana kwa ahadi. Watu walicheza, wakala kiapo hadharani, kisha wakaenda kuanzisha vitalu vya miche na kungoja mvua. Sherehe ilitangulia kazi, na kazi ikawa na mwenyewe. Kila mmoja wa wale 50 alijulikana kwa jina na kwa uso. Jirani angeweza kumsimamisha njiani na kumuuliza, mbona huonekani kwenye kitalu? Linganisheni na desturi yetu ya sasa. Sisi tunafika asubuhi, mashimo yamekwisha kuchimbwa na vibarua, miche imepangwa kwa mstari, tunatia udongo viganja viwili, tunanawa mikono, tunakunywa soda, tunapanda basi. Ahadi hatujatoa kwa yeyote. Ile ngoma tumeirithi, lakini kiapo chake tumekiacha Muguga.

Najua msikilizaji mmoja tayari amekunja uso. Anasema, mbona unatusifia jambo la mkoloni? Ni kweli, na afadhali tulitazame bila kupepesa macho. Serikali iliyomwajiri Baker ndiyo iliyochukua misitu na mashamba ya watu na kuyaita mali ya Mfalme. Treni yake ilikuwa ikila kuni. Hata ile bustani ya miti tunayoipenda, Arboretum, pale nyuma ya Ikulu, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ikuayo upesi, reli ipate kuni. Kumwambia mtu uliyemnyang'anya msitu aje acheze ili msitu urudi, kwa hakika kuna kejeli ndani yake. Lakini ngoma haikuwa ya mkoloni. Ngoma ilikuwa ya wenyeji, na heshima ya mti ilikuwa ya wenyeji kabla treni ya kwanza haijapiga honi. Mugumo haukukatwa ovyo katika nchi ile. Chini yake watu waliomba na kutambika. Baker aliazima chombo cha watu na kukitia jambo jipya. Na zaidi ya hayo, sherehe hii ilikuja kufufuliwa na mtu ambaye hakuna awezaye kumwita kibaraka wa mkoloni.

Huyo ni Wangari Maathai, wakati ule mhadhiri wa masomo ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wengi wanamjua kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, na wanadhani alianza kwa ushindi. Hakuanza hivyo. Mwaka 1975 aliipeleka miche yake kwenye maonyesho ya kimataifa ya Nairobi. Watu wakapita, wakasifu, wakauliza maswali mazuri, wakaenda zao, wanunuzi hawakurudi. Mwaka uliofuata alisafiri kwenda Vancouver, Kanada, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi, na aliporudi alikuta miche aliyoiacha nyumbani imekauka kwa kukosa maji. Wasikilizaji wangu, mama wa miti mwenyewe, na miche yake ilimfia! Sisemi haya kumdunisha. Nayasema kwa sababu naamini yalimfundisha jambo ambalo kamati zetu za maandalizi hazijalielewa hadi leo: kupenda miti hakumwagilii mche. Lazima awepo mtu, mwenye mtungi, siku ambayo hakuna kamera.

Ndipo tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana kutoka jumba la mikutano la KICC, katikati ya jiji, hadi uwanja wa Kamukunji. Huko wakapanda miti saba kwa heshima ya watu saba mashuhuri wa jamii mbalimbali za Kenya. Mti ukapewa jina la mtu, na mtu akapewa mti. Hiyo tena ni ngoma, hata kama haikuwa na njuga. Na kazi hiyo ilipokua ikawa shirika la Green Belt, kila hafla ya kupanda ilikuwa na maneno ya ahadi yaliyosomwa, na waliohudhuria wakayarudia kwa pamoja. Mnaona jinsi uzi ule ule wa Muguga unavyojitokeza tena? Sijui kama aliuokota huko au aliusokota mwenyewe. Vyovyote iwavyo, watu wawili waliotofautiana kwa kila jambo, afisa wa Mfalme na binti wa Nyeri, walifika mahali pamoja: sherehe haikamiliki mpaka watu wameahidi.

Lakini Wangari aliongeza kitu ambacho Baker hakuwa nacho, na hapa nataka tukae kidogo. Wanawake waliokuza miche vijijini walilipwa senti chache. Walilipwa kwa lipi? Si kwa kuhudhuria, wala kwa idadi ya mashimo. Walilipwa kwa mche ulioshika. Mche ukipandwa ukafa, malipo hakuna. Ukipita miezi ukiwa hai, malipo yapo. Fikirini busara iliyo katika kanuni hiyo ndogo. Mwanamke ambaye hakwenda shule alijua kuhesabu miche hai kwa sababu hesabu hiyo ilikuwa chumvi na sabuni. Hakuna aliyehitaji kumwambia aweke nyasi kavu kuzunguka shina ili udongo usikauke, au azungushe miiba mbuzi wasifike. Alirudi shambani kwa sababu kulikuwa na sababu ya kurudi. Sasa tazama sisi leo tunavyohesabu: miche iliyotolewa kitaluni, miche iliyopandwa, watu waliofika. Tunahesabu vilivyotoka mkononi. Programu ya JazaMiti ilitengenezwa ili watu waandikishe miti wanayopanda, na hilo si baya. Lakini takwimu inayotangazwa kwenye jukwaa ni ya siku ya kupanda. Mkulima wa mahindi akihesabu mbegu alizozika badala ya magunia aliyovuna, majirani wangemwombea.

Na historia inatuonya pia upande wa pili. Rais Moi alipenda kazi ya aina hii. Mwaka 1981 iliundwa tume ya rais ya kuhifadhi udongo na kupanda misitu, na yeye mwenyewe alionekana akibeba mawe ya kuziba makorongo. Hata hivyo, katika utawala huo huo ardhi ya msitu wa Karura ilianza kugawiwa watu binafsi wajenge. Januari 1999 Wangari na wenzake walipokwenda kupanda mti kwenye lango la Karura walipigwa na walinzi wa kukodiwa, yeye akatoka damu kichwani. Nchi yenye siku za kupanda miti ikampiga mtu kwa kupanda mti! Na tusijifanye kwamba mambo hayo ni ya zamani tu. Julai 2023 serikali ilitangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo tangu 2018. Novemba ya mwaka uo huo tukapewa mapumziko ya kupanda. Waliotetea uamuzi ule walisema kinachokatwa ni miti iliyokomaa ya mashamba ya serikali, na hiyo ni hoja ya haki. Lakini mwananchi wa kawaida alisikia msumeno na jembe katika mwaka mmoja, akabaki akijiuliza tunakwenda au tunarudi.

Hapo ndipo wengine husema: basi futeni sherehe yote. Ni maonyesho ya wakubwa, ni siku ya biashara iliyopotea, waachieni kazi wataalamu wa misitu. Naielewa hasira hiyo, lakini siikubali. Wataalamu walikuwapo 1921, na milima ilikuwa kipara. Kilichobadilika 1922 ni kwamba jambo la ofisi liligeuka jambo la kijiji, na jambo haligeuki la kijiji bila watu kukusanyika, kuonana na kufurahi. Huko Nebraska, Marekani, ilikoanza sherehe ya kupanda miti mwaka 1872, mwanzilishi wake J. Sterling Morton alikuwa mtu wa gazeti. Alijua kwamba watu hufanya pamoja jambo ambalo kila mmoja peke yake angeliahirisha. Harusi nayo ni gharama na maonyesho. Mbona hatuifuti? Kwa sababu tunajua kuna ndoa baada yake. Kosa letu ni kufanya harusi kila Oktoba na kusahau kama bibi harusi wa mwaka jana anakula nini.

Wengine watasema, wewe unayezungumza na watu wa Nairobi umesahau kwamba hawana ardhi. Mpangaji wa ghorofa ya sita Kilimani apande wapi, kwenye sinki? Mwenye chumba kimoja Kawangware apande juu ya bati? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonipa nguvu zaidi. Kama sherehe ni ya kupanda tu, kweli mtu huyo hana nafasi. Kama ni ya kutunza, anayo. Mwaka 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, kulikuwa na mugumo wa takriban miaka mia moja kwenye Waiyaki Way uliokuwa ukatwe. Watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huo amri ya rais ikatoka: mugumo ubaki. Hakuna mche uliopandwa siku hiyo, lakini kwangu mimi ile ilikuwa siku kubwa ya miti kuliko nyingi zenye hema na vipaza sauti. Vivyo hivyo Karura ya leo, ambako familia hutembea na baiskeli hupita, haikuokolewa na jembe peke yake; iliokolewa kwa ua, walinzi wa msitu, na wakazi waliojiunga kuuangalia. Msitu wa Ngong Road, ambao Southern Bypass imeukata, unahitaji macho ya namna hiyo hiyo. Macho hayahitaji hati ya shamba.

Niseme pia neno la majira, maana mti hausomi gazeti la serikali. Tarehe 10 Oktoba hapa Nairobi mara nyingi vuli haijatulia. Mawingu yapo, jakaranda zimeanza kumwaga zambarau barabarani, lakini mvua ya kuaminika huweza kuchelewa hadi mwisho wa mwezi. Mche ukitiwa ardhini siku hiyo na kuachwa, unakaa kwenye vumbi ukingoja. Tena mara nyingi unatiwa na mfuko wake mweusi wa nailoni, kwa haraka ya picha, na mizizi inazunguka ndani ya mfuko kama mbuzi aliyefungwa kambani. Siombi tarehe ihamishwe. Nasema tuitumie kama Muguga walivyoitumia Julai yao. Iwe siku ya kwenda kwenye mche wa mwaka jana, kuuhesabu kama uko hai, kupalilia, kuchimba shimo jipya la futi moja na nusu pale ambapo mwenzake alikufa, udongo wa juu ukiwekwa kando ili urudi chini kwenye mizizi, na kuchanganya samadi. Mvua ikishuka kweli kweli, mche unaingia. Na jukwaani, badala ya waziri au gavana kutuambia tutapanda mingapi, atuambie iliyo hai ni mingapi. Hotuba itakuwa fupi, najua. Labda hilo nalo ni faida.

Muda wangu unakwisha, fundi wa mitambo ananionyesha kidole. Basi nawaachia kazi ya nyumbani, wasikilizaji wapenzi. Kama ulipanda mche siku ile ya Novemba 2023, au ile ya Mei tulipokuwa tukiomboleza, au Oktoba yoyote tangu hapo, wiki hii nenda ukautazame. Nenda na jerikeni ya lita tano. Ukiukuta hai, umwagilie taratibu, uweke nyasi kavu kuzunguka shina. Ukiukuta umekufa, usiudhike. Ng'oa kijiti, fukua shimo upya, na umwambie jirani yako mahali lilipo ili akuulize mvua ikinyesha. Na kama umesahau ulipanda wapi, jibu la swali langu umeshalipata. Kwaherini, tuonane juma lijalo saa hizi hizi.